Pua ya Ukoo

Katika ukoo nilioolewa mimi, hakuna aliyewahi kukamatwa, kufilisika, wala kucheza muziki juu ya meza. Marehemu mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka ishirini na sita, na jina lake limechongwa juu ya mlango wa ukumbi wa shule niliyoiongoza mimi mwenyewe. Nayataja haya mapema ili msomaji aelewe kwa nini nilivaa viatu vyangu vya mikutano siku niliyoambiwa kwamba jina hilohilo limebandikwa kwenye chupa ya pombe.

Aliyelibandika ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Watu wote humwita Tone. Alikuwa msimamizi wa maabara ya shule kwa miaka thelathini, na katika miaka hiyo alizoea kupima kila kitu kwa tone. Ukimkaribisha chai, anatia maziwa tone kwa tone huku ameinamisha kichwa hadi usawa wa kikombe, na anapomaliza chai imeshapoa. Hakuoa. Mama yake alipomuuliza sababu, alijibu kwamba bado anapima. Alipostaafu, alisafisha gereji aliyoachiwa na baba yao, akanunua mtambo wa shaba wenye tumbo kama la mjomba wa harusini, akaomba leseni na akaipata, akaitundika ukutani kwenye fremu ya dhahabu. Akaanza kutengeneza divai ya maua mekundu ya choya, divai ya mananasi, na pombe kali ya miwa iliyolazwa na maganda ya machungwa. Jumamosi watu walikuja na magari yao kuonja kwa bilauri ndogo mfano wa kikombe cha yai.

Mpaka hapo sikuwa na neno. Biashara ni biashara, na leseni ni leseni. Lakini jina!

Niliingia bila kubisha hodi. Tone alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mtambo, koti lake jeupe la maabara limefungwa vifungo vyote. Kimiminika kilikuwa kinadondoka kwenye chupa kubwa ya kioo, naye anakitazama kwa mapenzi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba yenye sehemu tatu. Sikufika hata sehemu ya kwanza, kwa sababu harufu ilinipiga usoni kama kofi.

"Shemeji," nikasema, "unakusanya nini humo?"

"Moyo," akajibu. "Karibu, shemeji. Kwanza hutoka kichwa, hicho ni kikali na kina sumu, tunamwaga. Kisha unakuja moyo, huo ndio wa kunywewa. Mwisho mkia, nao hauna maana. Sasa hivi tupo moyoni."

"Moyo gani unaonuka dawa ya kuondolea rangi ya kucha?"

Akageuka. Akainusa ile chupa kwa kituo, akafumba macho, akatabasamu. "Chungwa," akasema. "Kwa mbali, tangawizi."

Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na minne. Namjua mtu anayejibu swali kwa kukisia. Nikachukua kitambaa kilichokuwa kwenye ndoo ya sakafuni, kitambaa ambacho sitaki kufikiria kilifutia nini, nikamsogezea puani.

"Na hii?"

"Hiyo..." akasita. "Hiyo pia ina chungwa kidogo."

Tukatazamana. Kipimajoto kilichofungwa kwenye shingo ya mtambo kililia kidogo kama panya. Tone akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti.

"Ni tangu ile homa ya mwaka juzi," akasema. "Niliamka siku moja kahawa haina harufu. Nikadhani nimeuziwa kahawa mbaya, nikagombana na mwenye duka. Baadaye nikaunguza sufuria mpaka jirani akaruka ukuta kuja kuniokoa, na mimi nimekaa palepale nasoma gazeti. Usimwambie mtu, shemeji. Mpika pombe asiye na pua ni sawa na fundi saa kipofu. Nani atanunua kwangu?"

"Kwa hiyo miaka miwili hii umekuwa unakataje huo moyo na hicho kichwa?"

"Kwa kipimajoto. Na kwa kumwomba Mungu."

Niliketi. Ningeweza kumwamuru abandue jina letu kwenye chupa, lakini lebo zilikuwa zimeshapigwa chapa, na chupa zilizokwisha kuuzwa zilikuwa kwenye kabati za watu nisiowajua. Nikaona picha yote mbele yangu: mgeni mmoja anakunywa kichwa badala ya moyo, anaanguka, na kinachosomwa hospitalini ni jina la marehemu mume wangu. La kuvunda halina ubani. Nikainuka, nikamwaga ile chupa yote kwenye karo, nikavuta kiti karibu na mtambo.

"Endelea kupika," nikasema. "Nitakwambia."

Basi nikawa naenda kila Jumanne na Ijumaa asubuhi. Naketi na ufumaji wangu karibu na mdomo wa mtambo, Tone anadondosha tone kwenye kijiko, ananisogezea. "Bado," nasema. "Bado. Bado, hii ingefaa kusafishia injini. Bado. Haya, sasa!" Hapo anabadilisha chupa kwa kasi ambayo hajawahi kuitumia kwenye maziwa ya chai. Kisha naonja divai za mapipani, nasukutua kinywa, natema kwenye ndoo. Natilia mkazo neno hilo: natema.

Tatizo ni kwamba sijui kuonja kitu nisikipe maksi. Nilikuwa na kadi nyeupe zilizobaki tangu shuleni na kalamu nyekundu, nikawa naandika maoni na kufunga kila kadi kwa uzi kwenye pipa lake, ili Tone ajue la kufanya. Pipa la kwanza la mananasi liliandikiwa: "Anaahidi mengi mlangoni, ndani hakuna mtu. 41." Choya cha mwezi wa tatu: "Ana akili lakini mdomo mchafu. Arudie darasa. 48." Pombe ya chungwa ya zamani kidogo: "Mtulivu, msafi, anasalimia wakubwa. Aendelee hivyo. 77." Tone alizisoma kadi hizo kwa sauti mbele ya mapipa kama anayewasomea watoto ripoti mbele ya wazazi. Bi Brashi, mama aliyeosha chupa zetu na aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuiweka brashi chini hata akila, alicheka mpaka akalowa machozi.

Sasa, mkabala na gereji kuna duka la fundi saa. Mke wake huketi mlangoni kutwa, na hakuna saa mle dukani inayojua wakati wa kuingia na kutoka watu kama anavyoujua yeye. Ijumaa ya tatu akanisimamisha.

"Mwalimu, hujambo? Naona siku hizi kwa Tone hukosekani."

"Sijambo. Nakwenda kumsaidia."

"Kumsaidia nini, Mwalimu? Maana Jumanne ulitoka umeshika ukuta."

"Nilikuwa natoa kokoto kiatuni."

"Kokoto," akasema, kama mtu anayelionja neno hilo. "Na mkoba ulikuwa unagonga gongo-gongo kama una chupa."

Zilikuwa sindano za kufumia kwenye kopo. Lakini mtu akianza kujieleza kuhusu mkoba wake, keshashindwa. Nikasema jambo la kwanza lililonijia: kwamba macho ya shemeji yangu yameanza kufifia, nami namsomea barua zake za serikali. Kuhusu pua nilikuwa nimeapa kunyamaza. Kuhusu macho hakuna aliyeniapisha.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na upana wa barabara moja. Kuanzia jioni ile mke wa fundi saa alimhurumia Tone kwa moyo wake wote. Kila alipomwona amesimama ukingoni anataka kuvuka, alitoka mbio, akamshika mkono, akamvusha huku akipiga kelele, "Simameni! Simameni! Mzee haoni!" Tone, kwa adabu aliyolelewa nayo, hakuweza kumkatalia mwanamke aliyekwisha kumshika mkono. Mara mbili alivushwa akiwa hata hakusudii kuvuka.

Ndipo ikaja barua, na hii nilimsomea kweli. Mnunuzi wa vinywaji wa hoteli kubwa, ile yenye milango inayozunguka, angekuja Jumamosi saa nne asubuhi. Akiridhika, pombe ya Tone ingekaa kwenye kaunta ya hoteli mwaka mzima, na gereji ingeendelea. Asiporidhika, Tone alikuwa ameniambia wazi: angeuza mtambo na kurudi kukaa kwenye kochi kupima chai. Nilikuwa nimemwona akiwa kwenye kochi lile, miezi ile kabla ya gereji. Sikutaka kumwona tena pale.

"Yule mama ana mtindo wake," Tone akasema. "Wenzangu wameniambia. Anamimina bilauri tatu zisizo na alama. Moja ni yako, mbili ni za wengine. Anakwambia: nionyeshe mwanao. Ukikosea, anafunga daftari. Anasema hanunui kwa mtu asiyemjua mwanawe."

Tukapanga. Mimi ningebeba sinia, bilauri zipite chini ya pua yangu. Kisha ningeketi mbele yake. Akiinua bilauri isiyo yake, mkoba wangu uko sakafuni. Akiinua ya kwake, mkoba uko magotini. Tulifanya mazoezi mara tisa. Najua ni udanganyifu. Shuleni nimewahi kumfukuza mtoto kwa dogo kuliko hilo.

Jumamosi gereji iling'aa. Bi Brashi alipiga deki mara mbili, akapanga chupa kwenye rafu kama wanafunzi gwarideni. Na kwa kuwa alipenda vitu vikamilike, alizitoa kadi zangu mapipani, akazifunga kwenye shingo za chupa, kila mtoto na ripoti yake. Niliziona mgeni alipokuwa ameshaingia.

Na mgeni mwenyewe! Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa mwanafunzi wangu, alikaa nyuma dirishani, nami niliwahi kumkamata na sigara kwa kulinusa daftari lake tu.

"Mwalimu!" akasema, akashika mikono yangu miwili. "Wewe? Hapa?"

"Namsaidia shemeji," nikasema. "Kupokea wageni."

"Macho yake," ikadakia sauti mlangoni. Mke wa fundi saa alikuwa ameingia na gauni lake la kutokea. "Nimekuja kumshika mkono. Msijali, mimi nitakaa pembeni tu." Akavuta kiti, akakaa pembeni yangu.

Mnunuzi akatembea kwenye rafu, akasoma kadi moja, akasoma ya pili, mdomo ukamcheza kidogo. Akamimina bilauri tatu akiwa ametupa mgongo, akanipa sinia. Nikabeba polepole. Ya kwanza ilikuwa pombe ya dukani iliyotiwa manukato. Ya pili ilinuka dawa ya kuondolea rangi ya kucha, mtu alikuwa amekata kichwa vibaya. Ya tatu ilikuwa yetu, pipa la nne, 77, msafi, anasalimia wakubwa. Nikaketi. Mkoba sakafuni.

"Haya, mzee," mnunuzi akasema. "Nionyeshe mwanao."

Tone akainua ya kwanza. Akanusa kwa madaha, akatupa jicho chini ya kiti changu. "Huyu simjui," akasema. "Na amejipaka mafuta mengi."

Mnunuzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikapumua.

Tone akainua ya pili. Wakati huohuo mke wa fundi saa akainama. "Mwalimu, sakafu bado ina maji," akaninong'oneza, "ngozi nzuri kama hii itaoza." Akauokota mkoba wangu, akaupangusa kwa kiganja, akauweka magotini pangu na kuupapasa mara mbili.

Nikaunyakua kuurudisha sakafuni, lakini jicho la Tone lilikuwa limeshafika.

"Huyu!" akapaza sauti Tone, machozi yakimlenga. "Huyu ndiye! Mwone alivyotulia. Mwanangu kabisa, damu yangu!"

Akainywa yote kwa mara moja. Uso wake ukabadilika rangi, akakohoa, lakini akaendelea kutabasamu kama baba mwenye fahari. Kalamu ya mnunuzi ikasimama. Bi Brashi akaacha kusugua, na hilo peke yake liliogofya.

"Mzee," mnunuzi akasema taratibu, "huyo nimemnunua kituo cha mafuta." Akageukia rafu. "Hebu niambie. Hizi kadi kaandika nani?"

"Mimi," Tone akasema.

"Asiyemjua mwanawe ndiye aliyeandika 'ana akili lakini mdomo mchafu'? Mzee wangu, mwandiko huu ulinifelisha mara mbili. Ningeutambua hata kaburini."

Akaanza kufunga daftari. Namkumbuka Tone wakati ule: amesimama ndani ya koti lake jeupe, bilauri tupu mkononi, anatazama mkoba wangu kama mtu aliyesalitiwa na mbwa wake mwenyewe. Pembeni yangu mke wa fundi saa alikuwa anatazama kadi, ananitazama mimi, anatazama kadi. Nilijua kabla ya adhuhuri habari zingefika hadi mwisho wa barabara. Ningeweza kunyamaza, na jina langu lingetoka safi. Tone angerudi kwenye kochi.

Nikasimama.

"Kadi ni zangu," nikasema. "Shemeji yangu ni fundi kuliko wote unaowajua, ila pua yake iliondoka na homa. Pua ni mimi. Kila chupa iliyo mle imepita hapa." Nikaigusa.

"Kwa hiyo unakunywa!" mke wa fundi saa akasema.

"Natema."

"Unatema?"

"Ndoo ile pale."

Akaitazama ndoo. Akamgeukia Tone. "Na macho?"

"Macho ni mazima, mama," Tone akasema kwa unyenyekevu.

"Nimekuvusha barabara miezi miwili!"

"Nilishukuru sana. Magari nilikuwa nayaona, lakini ulikuwa umeshanishika mkono."

Mnunuzi hakucheka. Aliketi. "Mwalimu," akasema, "maneno matupu hayajazi chupa. Thibitisha."

"Ya kwanza ni ya dukani, imetiwa vanila ya keki. Ya pili, aliyeipika alikuwa na haraka, na sidhani kama shemeji yangu atakula chakula cha mchana. Ya tatu ni yetu, pipa la nne, lile lililokaa karibu na dirisha. Na wewe hujaacha sigara. Umevuta moja kabla ya kuingia, ukala pipi ya mnanaa. Haikukusaidia ukiwa darasani kwangu na haitakusaidia leo."

Kisha mnunuzi wa hoteli kubwa, mwenye gari na dereva, akaitoa mikono yake mezani na kuificha nyuma, kama mtoto. Akajigundua mwenyewe, akaangua kicheko mpaka akashika meza.

Alinunua. Alitaka pombe ya chungwa yote na nusu ya choya kilichorudia darasa, kwa sharti moja: kila chupa iende na kadi yake ya wino mwekundu, maoni na maksi, na iwe na saini yangu. Nilimweleza kwamba saini yangu ni jina la ukoo. Akasema ndiyo maana anaitaka. Nami nikatoa sharti langu: chupa isiyofika sabini na tano haitoki nje ya mlango ule, hata aje nani. Wageni wa hoteli, naambiwa, wanasoma kadi kwanza ndipo wanakunywa, na kuna mzee mmoja anayekataa chochote chini ya themanini. Mke wa fundi saa naye alitueneza kama nilivyotarajia. Jumatano alikuja kuuliza kama zipo nafasi za kutema.

Jumanne iliyofuata tulikuwa kwenye kazi yetu, tunaonja pipa jipya. Tone akanisogezea kijiko. Tangu mwanzo ana swali lake ambalo huuliza baada ya "sasa", akiwa ameshabadilisha chupa na hana la kufanya kwa mikono.

"Inanukaje, shemeji?"

Kwa kawaida humjibu chungwa, au asali, au kiatu kipya. Siku ile nilikawia.

"Kama kabati la kaka yako," nikasema. "Lile la ofisini, alimokuwa akiweka penseli."

Tone akakiinua kijiko mwangani, akakitazama muda mrefu.

"Lile lenye kitasa kibovu?"

"Hilohilo."

Akakiweka kijiko mdomoni, akakiacha humo, mkono mmoja juu ya tumbo la mtambo. Kisha akakitoa.

"Maksi ngapi?"

"Sabini na tisa."

"Shemeji! Kabati la kaka, sabini na tisa tu?"

"Kitasa kilikuwa kibovu," nikasema, nikachukua kalamu.